Saba Niliowabana

Nilikuwa na miaka kumi na saba nilipokabidhiwa upawa kwa mara ya kwanza, kwenye harusi moja ya Kibokoni. Bwana harusi nimemsahau hata jina, lakini pilau yake siisahau. Ilikuwa na zabibu, na nyama ya mbuzi ilikuwa imeachana na mfupa kwa hiari yake. Mkuu wa wapakuaji alikuwa Mzee Shaali, mtu mfupi mwenye matege na sauti ya kuamsha mtaa. Kazi yetu ilikuwa nyepesi kuisema: wanaume wanakaa kwenye mikeka sita sita, kila sita sinia moja, na mpakuaji anatakiwa ajue kwa kutupa jicho tu zitakwenda sinia ngapi. Siku ile nikahesabu wageni arubaini na wanane, nikapakua sinia nane, nikajiona mwamba. Kuinua uso, kuna mtu amebaki. Mtu mnene, ameshanawa, mikono ameinyanyua inamdondoka maji, anatazama huku na huku kama aliyepotelewa na kiatu. Nikamwendea Mzee Shaali nikamnong'oneza, "Mzee, kuna mmoja hana sinia." Akasema, "Mbane pale." Nikamwambia pale wameshatimia sita. "Nimekuuliza hesabu mimi? Mtu hanawi mikono harusini kisha akarudi kwake na njaa. Sogezeni mabega, mabwana!" Mmoja kwenye mkeka akasema, "Mzee Shaali, huyu ni wawili, muhesabu vizuri!" Watu wakacheka, mabega yakasogea, mtu mnene akapenya, na nadhani alikula kuliko wote sita. Tangu siku ile nikajua kuwa katika kupakua hakuna anayebaki. Hesabu ikikataa, unabana. Nikapakua miaka mitano kwa kanuni hiyo, na watu wakanisifu kwamba Bakari hakosei.

Mtaniwia radhi, mzee akianzia kwenye chakula huchelewa kutoka. Nimeikumbuka pilau ile kwa sababu mwezi uliopita alinijia mgeni hapa kwangu Kisauni, mwanamke wa makamo, mwalimu, mwenye rida yake safi, lile vazi la wanawake wa jamaa zao, na mkoba wa ngozi. Akaamkia vizuri, "Shikamoo mzee," akasema yeye ni mjukuu wa Fundi Taibali wa Mji wa Kale, na ameambiwa ni mimi tu niliyebaki katika waliofanya kazi dukani kwa babu yake. Duka limeuzwa, jamaa wanahama, na ile saa kubwa ya kabati wataichukua. Akauliza, "Mzee, kuna jambo hatulijui. Babu aliacha agizo kwamba kila mwaka wa nne, siku ya kwanza ya mwaka wetu mpya, saa ile isimamishwe siku moja nzima, kisha iachiwe iende. Sisi tumekua tukiisimamisha. Mama alikuwa akitukataza hata kucheka siku hiyo, akidhani ni ya maombolezo. Ni nani alikufa siku ile?" Nikamwambia sijui. Nikamkaribisha kahawa, akanywa, akaenda zake. Umri huu wote na bado nadanganya watu wa nyumba ile. Ndiyo maana nikamwambia mwanangu alete daftari aandike ninayoyasema.

Mwaka nilioingia dukani kwa Fundi, vita vya Wazungu vilikuwa vimechoka lakini havijaisha. Sukari ilikuwa ya foleni, na shaba ukiitafuta hata kwa dawa hupati. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeshaoa na nimeshaacha, na hayo si ya leo. Nilikuwa nikibeba magunia Shimanzi hata siku moja gunia likanizidi, mgongo ukalia, nikalala wiki tatu. Nilipoinuka sikuweza tena kubeba, ila kukaa na kutumia mikono niliweza. Fundi Taibali alikuwa amenijua kwenye harusi, kwa kuwa hata jamaa zake wa asili ya Bara Hindi walikuwa wakialikwa kwetu na wakija. Akaniona nimekaa barazani nimejikunja, akasema, "Bakari, mgongo umekufa, vidole navyo?" Nikamwambia vidole vizima. "Basi ndoo ndani, unipigie tupa."

Duka lenyewe lilikuwa chumba chembamba kama kaburi la mtu mrefu. Upande mmoja meza ya Fundi, upande wa pili meza nyingine isiyo na mtu, na kati yake kipito cha mtu mmoja kwa ubavu. Ukutani saa, saa, saa, na kila moja inasema lake. Harufu ilikuwa ya mafuta ya taa na ya vitunguu kutoka juu, maana mkewe alikuwa akipika ghorofani, na ikifika adhuhuri aliteremsha chakula kwa kikapu na kamba mpaka dirishani. Wali wa choroko na mtindi, au sambusa za nyama zilizokunjwa nyembamba kama barua. Kamba ikitikisika mara mbili, maana yake ni chakula. Ikitikisika mara tatu, maana yake, "Yule Mswahili wako amekula?" Fundi alikuwa akinung'unika, "Haniulizi mimi kama nimekula, mimi mumewe." Na juu kwa juu sauti inajibu, "Wewe tumbo lako naliona kutoka huku!"

Jamaa za Fundi hawaungoji mwezi uonekane. Sisi tulikuwa tukipanda mapaani tukayakodolea macho mawingu, tukabishana, tukateremka na shingo zinauma. Wao mwezi wao uko katika hesabu ya tangu zamani, wanajua leo mwezi wa miaka kumi ijayo utaandama siku gani. Kwa hivyo Idi yao ilikuwa ikitangulia, siku moja, pengine mbili. Mwaka ule nilikuja kazini nimefunga nikamkuta Fundi amevaa joho jipya na sahani ya vitamu mbele yake. Nikamwambia, "Fundi, mwezi wenu umeandama kwenye karatasi?" Akasema, "Na wenu umekwama kwenye wingu gani? Ndoo ule." "Nimefunga." "Basi funga, mwanangu, na mimi Idi yangu naila, tuone nani atashiba." Alikuwa mcheshi Fundi. Lakini siku ile, alipomaliza kucheka, akafungua kabati kubwa la mti wa msaji lililokuwa nyuma ya mlango, akanionesha kilichomo. Hakikuwamo kitu. Kabati la saa bila saa. Ndani ya mlango wake imegandishwa karatasi ya manjano yenye mchoro wa mkono, magurudumu mawili yaliyogusana, na katikati ya kila gurudumu pameachwa tupu.

"Huu mchoro wa baba yangu," akasema. "Katika hesabu yetu miaka thelathini ya mwezi ni siku elfu kumi, mia sita na thelathini na moja. Ikiisha, hesabu inaanza upya, siku kwa siku, kama ilivyokuwa. Baba alitaka saa yenye mshale unaozunguka mara moja tu katika miaka thelathini, na ukifika juu kengele ilie. Mara moja." Akanieleza kwa vidole, na mimi nitawaeleza vivyo hivyo. Gurudumu la kwanza linasogea jino moja kila siku. Likimaliza mzunguko, linalisukuma la pili jino moja. La pili likimaliza mzunguko wake, miaka thelathini imekwisha. Basi meno ya la kwanza ukiyazidisha kwa meno ya la pili lazima upate namba ile, isipungue wala isizidi. Nikamuuliza kwa nini asichonge gurudumu moja tu lenye meno yote hayo. "Litataka nyumba yake," akasema, "na mwenye nyumba atataka kuhama." Ila meno ya magurudumu mawili yale yalikuwa mangapi na mangapi, baba yake hakuandika. Alikufa amechora duara mbili na kuacha nafasi.

Fundi naye alikuwa ameahirisha miaka. Sasa hakuweza kuahirisha tena, maana macho yalikuwa yakimwondoka. Kuchonga aliweza bado, kwa jicho moja na kioo cha kukuzia na kwa kupapasa. Lakini namba kwenye karatasi zilikuwa zikimwogelea. "Wewe unagawa watu kichwani," akaniambia. "Nigawie hawa. Elfu kumi mia sita na thelathini na moja. Wakae kwenye sinia ngapi, wangapi wangapi, asibaki mtu. Ukinipatia, meza ile ya pili ni yako, na ufundi nitakufundisha wote mpaka saa ya mkononi." Mtu aliyevunjika mgongo, hajui kusoma zaidi ya juzuu mbili na namba za magunia, anaambiwa meza ni yako. Usiku ule nililala kama aliyepata mke.

Tulikwenda namba moja kwa siku, baada ya alasiri, kwa chaki kwenye ubao mweusi ambao Fundi alikuwa akiandikia majina ya wenye saa. Wawili wawili, akabaki mmoja. Watatu watatu, wakabaki wawili. Wanne wanne Fundi akanikataza, akasema waliokataa kukaa wawili wawili hawawezi kukaa wanne wanne, usijichoshe. Hapo nikamwelewa kuliko mwalimu yeyote aliyenichapa. Akaniambia tena kwamba nikifika mia na tatu nisimame, maana mia na tatu mara mia na tatu ni karibu namba yenyewe. Zaidi ya hapo sinia zikiwa kubwa zaidi zitakuwa chache, na namba hizo chache nimeshazijaribu. Kwa hivyo, ukiondoa zote zinazogawanyika kama nne, zilikuwa namba ishirini na saba tu za kujaribu. Ishirini na saba si kazi. Kila jioni alikuwa akifunga jicho lake bovu, anauliza, "Wamebaki wangapi?" Saba saba, wakabaki watano. Kumi na moja kumi na moja, watano. Ishirini na tatu, watano. "Watano walewale!" Fundi akasema. "Watu gani hawa hawana adabu, kila karamu wao wanachelewa." Thelathini na saba, kumi na mbili. Hamsini na tisa, kumi na moja. Namba nyingine zinalegea, ukizigusa tu zinagawanyika kama mkate wa mofa. Ile ilikuwa jiwe. Nikaanza kuiona njiani. Nikipita Marikiti nikiona machungwa yamepangwa, mkono wangu unayapanga upya, na moja linabaki.

Siku ya namba themanini na tatu Fundi alikuwa ametoka kwa daktari. Akapanda juu kabla ya kupita dukani, na sakafu ya mbao ya nyumba zile haifichi neno. Nikamsikia mkewe anauliza, na Fundi anajibu polepole, "La kushoto limekwisha. La kulia amesema labda mpaka masika." Mkewe akasema, "Basi iache saa." Fundi akasema, "Nikiiacha, baba amechora duara mbili za bure." Kisha nikasikia kijiko kinakoroga chai ambayo nadhani sukari haikuwamo. Mimi chini nimeshika chaki. Themanini na tatu mara mia na ishirini na nane. Elfu kumi, mia sita ishirini na nne. Wamebaki saba.

Saba katika elfu kumi. Niliwaona wale saba kama ninavyowaona nyinyi, wamenawa, mikono juu. Fundi akateremka ngazi akishika ukuta, akakaa, akafunga jicho, akauliza kama kawaida, "Wamebaki wangapi?"

Nikasema, "Hawakubaki."

Hakuruka wala hakupiga kelele. Alikaa vile vile, kisha akaomba chaki, akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa zilizopinda, 83 mara 128 ni 10,631, akasema, "Alhamdulillahi. Baba aliziacha wazi ili tuzitafute." Akaivuta kamba ya kikapu mara nne, jambo ambalo halikuwa na maana yoyote iliyokubaliwa, na mkewe akachungulia dirishani na mwiko mkononi akidhani kuna moto.

Msidhani nilikaa kitako nikastarehe. Namba nne zilizobaki nilizijaribu peke yangu, kwenye karatasi ya kufungia sambusa, nikiomba Mungu moja ikubali, nipate kumwambia, Fundi, nimepata bora kuliko ile. Themanini na tisa, wakabaki arubaini. Tisini na saba, hamsini na wanane. Mia na moja, ishirini na sita. Mia na tatu, ishirini na mbili. Ikawa imekwisha. Namba ile haigawanyiki. Haigawanyiki kwa chochote ila kwa moja na kwa yenyewe, na baba yake Fundi nadhani aliligundua hilo akakosa moyo wa kuliandika. Hapo ndipo ningesema. Lakini nilikuwa nimeshakaa kwenye meza ya pili, na shaba ilikuwa imeshakatwa. Tena shaba yenyewe niliileta mimi, sinia kuukuu ya harusi iliyotoboka, Mzee Shaali alinipa.

Tulichonga miezi miwili. Fundi alikuwa akiweka alama kwa ukucha, mimi napiga tupa, yeye anapitisha kidole cha gumba juu ya meno, anasema, "Hili limenenepa. Hili sawa. Hili linamwonea mwenzake." Sijapata kufurahi kazini kama miezi ile, na sijapata kuogopa. Alinifundisha kufungua saa ya mfukoni na kuirudisha bila kubakisha skurubu. Jicho la kulia likazidi kuwa jeupe. Siku tuliyoyafunga magurudumu kabatini hakuyaona, aliyasikiliza. Tak. Kesho yake, tak. Jino moja kwa siku. Mkewe akateremsha sambusa kumi na mbili, na kikapu hakikutikisika mara tatu, kilitulia tu, maana nilikuwa nimekuwa wa nyumbani.

Kulikuwa na karani mmoja wa reli, Bwana Zakayo, Mkristo wa bara, mtu wa tai na kola kavu. Kila Jumamosi alikuwa akija kulinganisha saa yake. Saa haikuwa na ugonjwa, hofu ya kuchelewa ilikuwa ya mwenyewe. Siku hiyo alisimama kipitoni akingoja, akausoma ubao. Ile hesabu Fundi alikuwa amekataa isifutwe. Akasema kwa adabu kabisa, "Fundi, samahani, hii ni hesabu ya nini?" Fundi akamweleza kwa furaha, baba yake, miaka thelathini, kengele. Bwana Zakayo akatikisa kichwa kwa heshima, kisha akasema, "Lakini Fundi, tatu mara nane ni ngapi?"

"Ishirini na nne."

"Basi namba yako ingeishia na nne. Hii inaishia na moja. Imetoka wapi?"

Jambo la mtoto wa shule. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya saba, na kumbe kitako changu kilikuwa nje muda wote. Nilitazama tupa yangu. Saa zote ukutani zilikuwa zikisema. Fundi akageuza uso upande niliko, lile jicho jeupe likanitazama kama kwamba linaona, akauliza kwa sauti ileile ya kila alasiri, "Bakari. Walibaki wangapi?"

"Saba."

"Ukawaweka wapi?"

"Niliwabana, Fundi."

Bwana Zakayo akaanza kukohoa, akasema atarudi baadaye. Fundi akamwambia, "Kaa, Bwana Zakayo, hujafanya kosa. Kosa ni langu. Namba sikuitazama, nilimtazama huyu." Maneno hayo aliyasema bila ukali, na mpaka leo ndiyo niliyonayo. Kisha midomo yake ikawa inakwenda kama ya mtu anayesoma uradi, na nikajua anahesabu. "Saba katika miaka thelathini," akasema mwisho. "Itawahi siku saba. Basi tutaisimamisha siku moja kila mwaka wa nne. Saba mara nne, ishirini na nane, wamekaa wote saba." Akacheka kidogo. "Hawakubanwa. Kila mmoja amepata siku yake. Nikifa mimi, utawasimamishia wewe." Akapapasa mezani mpaka akapata birika la chai, akaninyooshea. "Nenda kalete chai, vikombe vitatu. Mwambie muuza chai atie tangawizi. Tukishakunywa tufungue ile ya Bwana Zakayo tumwoneshe kuwa haina kitu."

Angenifukuza ningerudi. Nimelifikiria hili miaka mingi na jibu langu ni hilo tu. Angenitukana, ningekaa pembeni siku mbili tatu, kisha ningemtuma mtu aniombee radhi, na ningekuwa nimekaa kwenye meza ile mpaka nizeekee. Lakini aliniita nirudi kabla sijaondoka.

Nikachukua birika. Nilipopita chini ya dirisha mkewe akanitupia neno la utani, sikulisikia vizuri, nikaitikia. Nikafika kwa muuza chai wa pembeni, nikampa birika, nikamwambia atie tangawizi na ampelekee Fundi Taibali mwenyewe. Akauliza, "Vikombe vitatu, kama kila Jumamosi?"

Nikamwambia, "Viwili."

Nikashika njia ya Marikiti, jua la alasiri liko usoni, nikapita machungwa bila kuyatazama, nikaenda mpaka darajani Makupa, nikavuka kwenda bara.